Skuta Imevuliwa Nguo, Grisi Nimevaa Mimi

Anayesema skuta ni chombo kidogo hajawahi kuifungua. Ikiwa nzima unaiegesha kando ya mlango na mtu anapita na ndoo bila kuigusa. Ikifunguliwa, jamani, inajaa baraza, inaingia sebuleni, inafika mpaka dirisha la jikoni. Kabureta imelala kwenye bakuli ambalo halitarudi tena kuwa bakuli. Silensa iko chini ya kiti, kiti kiko juu ya friji. Mama watoto alishaacha kuuliza. Siku hizi anapandisha gauni kidogo, anaruka, anaendelea na shughuli zake.

Mimi kinachoniuma ni kwamba chombo hiki kiliundwa makusudi ili mtu asichafuke! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Piaggio ya Italia ilikuwa imezoea kutengeneza ndege, na kiwanda chake cha Pontedera kilikuwa kimepigwa mabomu. Enrico Piaggio akataka chombo chepesi cha kumbeba raia wa kawaida, kazi akampa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa helikopta. Bwana huyu pikipiki hakuzipenda hata kidogo. Aliona zinachafua nguo, mnyororo unarusha mafuta, na tairi ikipata pancha unahangaika barabarani. Basi akaifungia injini nyuma chini ya bati, mnyororo akautupilia mbali, mbele akaweka ngao ya kukinga matope, na gurudumu akalishikiza upande mmoja tu, kama la ndege, ili litoke upesi. Skuta hiyo ikaitwa Vespa, na hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, iliombwa Florence tarehe 23 Aprili 1946. Mwaka uliofuata Innocenti wa Milan nao wakatoa Lambretta, na tangu hapo waunda skuta dunia nzima wanafuata nyayo hizo hizo: uchafu wote ufichwe, mpandaji ashuke na suruali nyeupe.

Sawa, nampa heshima zake. Lakini uchafu uliofichwa haufi. Unakaa mle ndani chini ya bati, unaongezeka unene, unangoja siku mtu atakapofungua. Mtu mwenyewe ndiye mimi.

Yangu haina nembo. Mmoja wa wamiliki waliotangulia aliing'oa, na nadhani walioiunda wangemshukuru kwa kuwasitiri. Wamiliki hao sijawahi kuwaona, lakini sasa nawajua kuliko majirani zangu. Kila mmoja ameniachia ujumbe. Yupo aliyependa kijani. Chini ya kijani yupo aliyependa nyekundu. Chini ya nyekundu yupo aliyependa puti. Huyu wa puti alikuwa na mapenzi ya kweli. Nilikwangua sehemu ya ubavuni nikitegemea kukuta bati, nikakuta puti, nikaendelea, puti, nikaendelea mpaka nikaona mwanga wa upande wa pili. Bati halikuwepo. Ubavu mzima ulikuwa umesimamishwa na puti na imani.

Kuna mwingine aliyekosa wosha akatoboa sarafu, akaifunga mahali pa wosha. Imekaa vizuri, siwezi kusema uongo. Na kuna fundi wa umeme, huyo nikimpata tutaelewana. Nyaya za skuta huwa na rangi tofauti ili mtu ajue huu wa taa, huu wa honi, huu wa kuzima injini. Yeye alipata waya mwekundu wa spika, mrefu, akasema Mungu mkubwa. Akafunga wote mwekundu, kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma. Matokeo yake ukikanyaga breki honi inalia. Ukipiga honi, taa ya nyuma inawaka kwa aibu. Ukiwasha taa ya mbele injini inazimika, yaani usiku unachagua: uone njia au uende.

Halafu skrubu. Skrubu ya miaka mingi kwenye aluminiamu si skrubu tena, ni sehemu ya ukoo. Unaiwekea mafuta ya kulegeza kutu, unaibembeleza, unaiacha ilale, asubuhi unakwenda na bisibisi ya nyota, unasukuma kwa nguvu zote. Kichwa kinageuka. Unafurahi. Kumbe kilichogeuka ni ile nyota tu, sasa imekuwa duara safi, na skrubu iko pale pale inakutazama. Kifaa chake kipo, ile bisibisi nene inayogongwa na nyundo: ukiipiga kichwani inakandamiza na kuzungusha kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo inayotoa skrubu za namna hii. Lakini jirani yangu akisikia tu mlio wa nyundo anajua ameitwa.

Jirani yangu ana dawa moja ya maradhi yote: nyundo. Nati ya magneti, lile gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme, imetoka, magneti yenyewe imegoma kutoka kwenye ekseli ya injini, anakuja na nyundo. Namwambia, "Jirani, hapa panatakiwa pula. Inajifunga kwenye nyuzi za katikati, unakaza boliti, magneti inajisukuma yenyewe. Ukigonga, sumaku zinapasuka, na ekseli inapinda." Ananisikiliza kwa adabu yote, kisha anasema, "Basi nipige kidogo." Kidogo! Nimelala na ile magneti chumbani, mlango nimefunga kwa ufunguo.

Hata hivyo, kati ya vyote vilivyonitesa hakuna kinachofikia klipu ya pini ya pistoni. Ni kiwaya chembamba kilichokunjwa duara lisilofungana. Kinakaa kwenye mfereji mwembamba ndani ya tundu la pistoni, kimoja huku na kimoja kule, kuizuia pini isitoke kwenda kuchora ukuta wa silinda. Kukitoa unapitisha koleo la mdomo mwembamba, unabana ncha, unavuta. Kabla ya hapo unaziba mdomo wa injini kwa kitambaa, kwa sababu kikidondokea kule chini kwenye ekseli, ndugu yangu, unaanza kazi nyingine kabisa. Nikaziba. Nikabana. Nikavuta.

Ting!

Mlio ule unalia mara moja tu. Haurudii, hauelekezi, hausemi uko upande gani. Unabaki umeshika koleo tupu, macho yanazunguka. Nikaita watoto, nikamwita mama watoto, tukapiga magoti wote sakafuni tukaanza kupapasa chini ya kabati. Katika hali hiyo shemeji akabisha hodi, akaingia, akatukuta familia nzima tumeinamisha vichwa kimya. Akavua kofia, akapiga magoti pembeni, akafumba macho. Alipofumbua akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

Tuliikuta ndani ya kiatu chake. Na kichekesho ni kwamba klipu iliyotolewa hairudishwi! Inawekwa mpya, siku zote, kwa sababu ya zamani imeshalegea. Tulikuwa tunatafuta takataka. Lakini ningefanyaje? Mpaka uione kwa macho, huwezi kuapa kwamba haiko ndani ya injini.

Mpwa wangu ndiye mshauri mkuu wa mambo ya kisasa. Alipoona silinda iko mezani akasema, "Mjomba, hii ni 50 tu. Kwa nini usiweke silinda kubwa?" Nikachukua karatasi nimwonyeshe. Silinda yangu ina kipenyo cha milimita 38.4, na pistoni inasafiri milimita 43. Ukipiga hesabu unapata sentimita za ujazo 49.8. Weka silinda ya milimita 47, safari ya pistoni ikiwa ile ile, unapata 74.6. Ni nusu nzima ya injini umeongeza kwa chini ya sentimita moja ya kipenyo. Mpwa akapiga mluzi. Mimi mwenyewe, nisifiche, mate yalinijaa.

Lakini tazama kinachofuata. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, inataka kubwa zaidi, kwa sababu hewa imeongezeka, na petroli ikipungua pistoni inapata joto mpaka injini inanoki. Silensa nayo inataka yake. Kluchi inaanza kuteleza. Breki zinabaki zile zile za ngoma, zilizopimwa kwa chombo cha kwenda pole. Na nchi nyingi chombo cha chini ya 50 kina daraja lake kisheria. Ulaya, kwa mfano, mwisho wake ni kilomita 45 kwa saa. Ukivuka hapo, leseni ni nyingine, bima ni nyingine, na ukigonga kuku tu unakuta karatasi zako zinamhusu mtu mwingine. Mpwa akasema, "Basi tuongeze vioo."

Vioo! Ameona picha za vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960, wale walioitwa Mods, waliokuwa wakizijaza Vespa na Lambretta vioo na taa mpaka usukani hauonekani. Anataka na yangu iwe hivyo. Kwa mwendo wa skuta hii vioo vingi vitanisaidia kitu kimoja tu, kuwaona kwa pembe tofauti watu wanaotaka kunipita.

Suala la rangi sitaki hata kulisimulia kwa urefu. Unapiga msasa wa 120 kuondoa kutu, unapaka praima, unapiga wa 400, unapiga wa 800 na maji, mkono unakufa ganzi mpaka begani. Unapulizia rangi, inang'aa, unajiona. Mbu wa kwanza anatua pale pale katikati. Mbona hakutua nyuma ya namba? Mama watoto alitaka samawati ya maziwa, mpwa alitaka nyeusi isiyong'aa, jirani akasema iachwe kutu ipate kupumua. Nikapaka samawati. Ndani ya nyumba hii hilo halikuwa na mjadala, mjadala ulikuwa wa kupitisha muda tu.

Kuifunga tena ndiko watu wanakodhani ni kurudi ulikotoka. Hapana. Sili za ekseli zote mpya, kwa sababu injini ya namna hii, ya mipigo miwili, inavuta pumzi kupitia tumbo lake, na sili ikichoka inavuta hewa ya pembeni, injini inalia kwa sauti ya juu bila kuguswa. Mshale wa pistoni unatazama upande wa ekzosi. Jirani akabisha, akasema mshale siku zote unatazama mbele, ndiyo maana ukaitwa mshale. Jeti nimeipuliza kwa hewa. Yeye alikuja na kipande cha waya azibue, nami nikamwonyesha namba iliyochongwa pale. Namba ile inahesabu sehemu za mia za milimita. Ukichokoa kwa waya umeshabadilisha namba, ila imebaki imeandikwa ya zamani.

Kebo za gia ndizo zilizonikondesha. Gia inabadilishwa kwa kuzungusha mshikio wa kushoto, na zinazofanya kazi ni kebo mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Ni sawasawa na watoto mapacha: ukimkaza huyu, yule analegea kwa kununa. Mshikio ulikuwa unasema 2, injini iko kwenye 3. Nikikaza, mshikio unasema 3, injini imerudi 2. Tukazungumza hivyo mpaka usiku, mimi na mshikio, kila mmoja na ukweli wake.

Mwishowe nikachanganya petroli na mafuta, asilimia 2, maana yake mililita 20 kwa kila lita. Jirani akataka nimimine kwa kukadiria. Nikapima kwa bomba la sindano la dawa, sikumtazama usoni. Nikapiga kiki. Ikakohoa. Nikapiga tena, ikawaka, ikatoa moshi wa samawati unaolingana na rangi yake, baraza lote halionekani, watoto wanashangilia bila kuonekana walipo. Taa inawaka. Honi inalia ikipigwa tu.

Watu wakatoka nje kuona. Wamesikia nyundo muda wote ule, wana haki ya kuona mbio. Sasa nani atawaeleza kwamba pistoni mpya na ringi mpya hazikimbizwi? Zinatakiwa zizoeane na silinda kwanza, pole pole, nusu ya moto, kushusha na kupandisha, kwa mamia ya kilomita. Nikavaa kofia ngumu, nikaketi wima, nikaondoka kwa mwendo wa bibi harusi. Mpwa nyuma anapiga kelele, "Mjomba, fungua moto!" Sifungui. Watoto wa mtaa wakanipita kwa miguu. Mbele kidogo nikasikia kengele ya baiskeli, nikasogea pembeni kwa heshima. Alikuwa jirani. Akanipita taratibu, mkono mmoja kwenye usukani, akageuza kichwa: "Nilikwambia uigonge!"