Ficha logo yako tuone kama hiyo harusi umepiga wewe

Jamani nisemeje ili nisigombane na watu wa video wenzangu, ila hailaiti nyingi, zile video fupi za harusi tunazopost Insta saivi, huwezi kujua nani kapiga. Kata ile logo ya mwanzo, futa namba ya simu pale chini, afu niambie hiyo kazi ni ya mtu wa Sinza au wa Tabata au wa Njiro kule Arusha. Huwezi. Inaanza droni juu ya hoteli, gauni limetundikwa kwenye pazia, viatu, pete imewekwa juu ya ua, bwana harusi anafunga kifungo cha koti huku anatazama dirishani kama anasubiri mgeni, vyote kwa slomo, ule mwendo wa polepole, na kinanda cha huzuni ambacho hata hujui kimepigwa nchi gani. Afu mteja akiuliza mbona bei yako imezidi ya yule mwingine unabaki kumtajia jina la kamera, na yule mwingine nae anayo hiyo hiyo.

Mi siamini kabisa kwamba mtindo unanunuliwa dukani Kariakoo. Wanaokumbuka enzi za kanda za VHS wanajua, kameramani alikuwa na ngoma kubwa begani na taa inayounguza watu macho, na mtu wa waya anamfata nyuma. Ikaja Canon 5D Mark II mwaka 2008, kamera ya picha inayorekodi video, nyuma ya mtu kunakuwa na ule ukungu mzuri kama sinema, na aliyekuwa nayo mapema hapa mjini alionekana mchawi. Uchawi wenyewe uliishi mpaka jirani aliponunua ya kwake. Ikaja gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera isitikisike, tukaona tena. Ikaja droni ndogo inayokunjwa, DJI Mavic Pro ile ya 2016, tukaona tena. Leo simu inafanya ukungu, kwahiyo ule ukungu haumtambulishi mtu yeyote.

Kingine ni kuiga cha mbali bila kuangalia kimetengenezwaje. Desemba 2017 ilivyotoka video ya harusi ya mcheza kriketi Virat Kohli na muigizaji Anushka Sharma kule Italia, iliyopigwa na jamaa wa The Wedding Filmer wa India, karibu kila bibi harusi alitaka ile. Sisi tulichukua nini pale? Maua yanayomwagika, rangi zilizofifia fifia, watu wanacheka kwa slomo. Ila ukizisikiliza kazi za wale jamaa kwa makini, nguvu yao kubwa iko masikioni, maharusi wanaongea wenyewe na kuna nyimbo zimetungwa kabisa kwa ajili ya kazi zao. Tukabeba petali, sauti tukaiacha mlangoni.

Na kuiga kuna gharama za kiufundi ambazo mtu hazioni mpaka afike kuediti. Mfano mdogo tu, unaangalia fundi wa Marekani YouTube anakwambia kwa slomo weka fremu 60 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaofunguka kwa kila fremu, 1/120 ya sekunde, we unaweka, unaingia ukumbini, unakuta mistari myeusi inatembea kwenye kuta na taa zinachezacheza kwenye picha. Wale umeme wao ni wa hertz 60, wetu ni 50, na taa nyingi za kumbi zetu zinapepesa kufuatana na huo umeme. Weka fremu 50 na shata 1/100 au 1/50 na mara nyingi ugonjwa unaisha. Sasa kama hata umeme wa ukumbi unakataa mapishi ya watu, hebu fikiria shangazi wa Kichaga aliyebeba ndafu kichwani.

Mi kwa mtazamo wangu mtindo unaanza na kitu kimoja, kwenye harusi, ukiwa hujaambiwa na mtu upige nini, jicho lako linakimbilia wapi? Kuna mtu nimefanya nae kazi yeye kila akipata nafasi anapiga mikono, mkono wa baba umeshika fimbo, mkono wa dada anafunga kilemba cha mama. Hajawahi kupanga, ni yeye tu alivyo. Nikiona kazi yake hata kwenye statasi ya mtu baki najua ni yeye. Mi jicho langu linaenda kwa mashangazi na mama wadogo, wale waliovaa sare ya kitenge na hawatulii, wanaojua nani hajala na nani kanuna, kwasababu harusi ya Kibongo kwa asilimia kubwa iko mikononi mwao, maharusi wenyewe siku hiyo wamechoka na wanafata maelekezo ya MC. Kwahiyo nimeamua kazi zangu zinaangalia harusi kutokea upande wa wanawake wa familia. Uamuzi huo mmoja unanichagulia vitu vingi, nisimame wapi, nani nimuwekee maiki, nikate wapi.

Na uamuzi maana yake kuna vitu huvipigi. Hapa ndo watu wanashindwa. Wanataka mtindo ila hawataki kuacha kitu.

Chukua nikah. Wanaume wamekaa chini kwenye mkeka au zulia, sheikh katikati, bwana harusi na walii wameshikana mikono, na mtu wa video kasimama na gimbali anazunguka zunguka juu yao, anachorudi nacho ni kofia. Kofia tupu, kofia za vito na bulibuli za watu. Yasujirō Ozu, muongozaji wa Kijapani, alikuwa anaweka kamera chini, usawa wa mtu aliyekaa kwenye mkeka wa kwao, na alipenda sana kutumia lenzi moja ya milimita 50, miaka nenda rudi, na leo ukioneshwa fremu yake moja tu unaijua. Huyu hakuwa na gimbali wala droni. Sasa sisi watu wa pwani ambao mikeka tunakalia kweli kweli ndo tunasimama! Kaa chini bwana. Vua viatu, kaa na watu, kamera usawa wa kifua, utaona macho ya bwana harusi yanavyohangaika wakati anatafuta pumzi ya kusema nimekubali, utamuona na baba yake pembeni midomo inamsaidia kutamka. Ukiwa umekaa huonekani pia, watu wanakusahau, na hicho ndo unachokitaka.

Na mara nyingi bibi harusi wakati huo hayupo pale. Yuko chumbani au nyumba nyingine kabisa na somo wake, na wenzake, na hina yake, anasubiri kuambiwa tayari. Kila mtu anapiga hizi sehemu mbili kama vitu viwili tofauti, nikah kivyake, kupambwa kivyake. Mi napenda kuweka maiki kwa sheikh na kwa bwana harusi, kule chumbani kunakuwa na dada wa timu yangu na kamera ya pili, saa za kamera tumeshaoanisha asubuhi, afu kwenye kuediti sauti ya ijabu na kabuli, yale maneno ya kuozesha na kukubali, inapita juu ya uso wa bibi harusi dakika ile ile ilipokuwa inatokea. Hajui bado, ye anacheka na wenzake, anarekebisha bangili, na sisi tunaoangalia tunasikia ndo anaolewa hapo hapo. Hakuna slomo inayofikia hiyo.

Hapo nimegusa sauti na ndo penyewe ntakaa kidogo. Harusi zetu zina makelele mazuri kuliko harusi yoyote ninayoijua na sisi tunazizima zote tunaweka kinanda. Matarumbeta juu ya pikapu yanatoka kanisani yanazunguka mjini, tarumbeta moja limetoka kwenye noti linaendelea tu, honi za msafara, bodaboda wanashangilia watu wasiowajua. Vigelegele havifanani, bibi wa Tanga hapigi kama mama wa Kihaya, na kwenye kila familia kuna mmoja anaeanzisha na wengine wanadakia. Glasi za kugongesha na maharusi, foleni yote ile, kila mtu ana neno lake moja la utani analomwambia bwana harusi sikioni. Nani anazo hizo sauti? MC tunae, huyo tunamchukua laini kwenye miksa ya DJ na hiyo ni lazima maana maiki ya kwenye kamera ukumbini inaleta mwangwi tu, ila laini ya miksa peke yake inakupa MC anaongea na jangwa. Weka rekoda ndogo kwenye meza ya wazazi, nyingine katikati ya ukumbi, changanya. Faida nyingine ya kibiashara, wimbo wa msanii mkubwa ukiuweka YouTube mfumo wao unautambua, video inazuiwa au mapato yanaenda kwa mwenye wimbo. Shangazi yako akiimba jikoni hakuna atakaekudai.

Rangi nayo nina ugomvi nayo. Preseti. Kijana ananunua mtandaoni preseti, yaani mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari, anaitupia juu ya harusi nzima, ngozi za watu zinakuwa kijivu au chungwa. Kuna historia hapo pia, kuanzia miaka ya 1950 Kodak walikuwa wanatuma kwenye maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, ngozi yake ndo ilikuwa kipimo cha picha kutoka vizuri, na weusi wengi kwenye picha za enzi hizo wanatoka meno na macho tu. Saivi kamera zinaona vizuri sana gizani, kwahiyo kisingizio kimepungua, kilichobaki ni sisi. Ukumbini una gauni jeupe, suti nyeusi na uso wa kahawia iliyokolea kwenye fremu moja, na mpambaji kaweka taa za zambarau ukuta mzima. Kamera ukiiachia otomatiki italiheshimu gauni, uso unabaki gizani. Mi mwanga napimia usoni, nyeupe ya gauni ikizidi kidogo nipo tayari kugombana nayo baadae kwenye kuediti, na namuomba mpambaji mapema, kwa adabu maana nae ana kazi yake na kalipwa na watu wale wale, aniachie taa za kawaida pale jukwaani wakati wa keki na wa zawadi tu. Wengi wanakubali ukiwaambia kabla. Ngozi ya watu wetu ikikaa vizuri, na kila mmoja kwenye familia akabaki na rangi yake, maana dada mweusi tii na mdogo wake maji ya kunde wasifanane, hiyo tayari ni sahihi yako.

Kitchen party na singo, zile shughuli za wanawake za kumfunda na kumsinga bibi harusi, hizo ni dunia nyingine, wanaume hatuingii na hatutakiwi kuingia, na mi sioni kwanini kampuni nyingi bado zinamtuma dada mmoja peke yake tena bila kumfundisha, na simu mkononi, wakati kule ndo kuna michezo, mafunzo ya makungwi, vicheko na vilio vya kweli. Madada wa timu wakiwa ni watu wazima wa kazi, wanaaminika kwamba kitu hakitavuja, hiyo nayo ni mtindo, japo mtandaoni haitaonekana kamwe. Kazi nzuri kuliko zote tulizonazo hazipo Insta na hazitakuwepo.

Sasa najua swali linalokuja, kamati. Huku kwetu maharusi hawalipi peke yao, kuna vikao, kuna michango, kuna mwenyekiti na mhazini, na mhazini anachouliza ni droni ipo? Kamera ngapi? Mnatoa flashi ngapi? Ukimwelezea habari za mashangazi na mkeka anaona unamzungusha. Mi sibishani nao. Kuna video mbili. Ile ndefu ya saa tatu nne ni ya familia, ile ni kumbukumbu, kila kikundi kilichoingia na zawadi kionekane, kila mjomba aliyetambulishwa asimame wima kwenye fremu, akina mama wanavyomtandikia mama mzazi khanga apite juu yake waonekane wote, usilete ubunifu wako pale ukamkata baba mkubwa, utaitwa kikaoni. Ile fupi ya dakika tano sita ni yangu. Hiyo tunaandikiana kabisa kwenye makubaliano kwamba wimbo nachagua mi, mpangilio nachagua mi, na marekebisho ni mara moja tu, hakuna ya pili. Wanaokataa hicho kipengele nawapa namba ya mwenzangu, tena mzuri tu, na hatununiani.

Kwa anaeanza na hajui jicho lake linaenda wapi, subiri kipindi cha ukame. Kwaresma na mfungo wa Ramadhani harusi zinapungua, na mwaka 2025 vilianza wiki moja, mji ulikuwa kimya kwelikweli kwa watu wa kazi hizi. Chukua kazi zako za nyuma, usiangalie zilizotoka, angalia klipu ghafi ambazo hukuzitumia, zile ulizopiga wakati umechoka au unasubiri chakula, hakuna aliyekutuma. Angalia unarudia nini. Afu harusi ya kwanza baada ya Idi au Pasaka ingia na lenzi moja, ya milimita 35 au 50, na uache gimbali kwenye gari. Mhazini akiuliza mwambie ipo kwenye gari, si uongo.