Mfumaji Nakht na kichocho chake

Mwaka 1974, mjini Toronto, Kanada, wataalamu walimfungua sanda kijana aliyekufa Thebes, mji wa Misri ya kale, yapata miaka 3,200 iliyopita. Jeneza lilishamtambulisha: Nakht, mfumaji wa hekalu la kumbukumbu ya Farao Setnakht. Mwili nao ukaeleza yake. Ulikuwa na mayai ya kichocho, na ya tegu pia. Kwenye msuli wa mbavuni kulikuwa na kifuko cha trikinela, mnyoo unaopatikana kwa kula nyama isiyoiva, hasa ya nguruwe. Mapafu yalijaa masizi na vumbi la mchanga. Hakufikisha miaka 20.

Umaskini ndio uliohifadhi yote hayo. Nakht hakufanyiwa maziko ya gharama, kwa hiyo ubongo na matumbo yake hayakutolewa. Wakubwa walitolewa matumbo na kupakwa utomvu, na ushahidi mwingi ukaenda nao. Katika hili fukara anatuambia mengi kuliko mfalme.

Wanaoutegemea mwili kuliko maandishi wana hoja nzito. Kuta za makaburi zimejaa wakulima wenye siha na mavuno tele. Nani angemlipa mchoraji achore mkojo wa damu? Nakht alikipata kichocho kwa kuingia maji yenye konokono, kama anavyokipata mtoto wa Pemba hadi leo.

Ila mwili nao husingiziwa. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba Wamisri walimwona nguruwe kuwa najisi. Je, mnyoo mmoja ndani ya kijana mmoja unatosha kumkanusha? Hautoshi, maana trikinela hukaa hata katika nyama nyingine. Kinachonishawishi mimi ni mabanda ya nguruwe yaliyofukuliwa katika kijiji cha mafundi kule Amarna, mji mwingine wa Misri ya kale. Mnyoo na banda vikikutana, angalau tunajua kwamba wapo waliofuga na kula.

Kwa Farao Tutankhamun haraka ya kuusemea mwili ilizidi. Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba DNA yake ina alama za malaria kali na kwamba mifupa ya mguu wake ilikuwa mbovu, wakaona hapo ndipo kifo chake kilipotokea. Mtu wa Muheza, Tanga, aliyeizoea malaria, angeuliza papo hapo: malaria ya kuumwa, au vimelea tu ambavyo mtu mzima hutembea navyo? Wataalamu wengine waliuliza hilohilo, wakapendekeza ugonjwa wa selimundu. Wapo waliotilia shaka hata kama DNA inaweza kudumu muda wote huo katika joto la Misri.

Siku hizi maiti hizi za kale hupigwa picha za ndani kwa mashine za CT, zinazotumia eksirei, bila kugusa sanda, na wengi wanasema kukata kukome. Heshima hiyo naielewa. Lakini yai la kichocho halionekani kwenye picha ile. Linataka kipande cha ini na hadubini, na Nakht asingekatwa tungebaki na jina lake na kazi yake tu.