Bega Zima au Mkato: Mkono Wako wa Kushoto Ndio Uamue

Anayetaka kununua gitaa kavu, lile linalolia bila umeme, hakwepi swali hili: achukue lenye bega zima, au lile lenye mkato, lililomegwa bega moja karibu na shingo, upande wa nyuzi nyembamba? Majibu anayopewa mara nyingi huanzia kwenye sauti. Ataambiwa mkato unaua besi na gitaa linabaki halina kifua. Mimi naona sauti ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika ubishi huu, na tunapoitanguliza tunawapoteza wanunuzi. Cha kuulizwa kwanza ni mkono wa kushoto unafika wapi katika nyimbo unazozipiga sasa hivi, si zile unazotamani kuzipiga siku moja.

Hata hivyo, sauti isipojibiwa itaturudia. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma, sehemu ya uso inayofanya kazi kubwa ni ile pana ya chini, kuzunguka daraja ambalo nyuzi zimefungwa. Hapo ndipo ubao unapotikisika. Huku juu, kati ya tundu la sauti na shingo, fundi ameubana ubao kwa makusudi. Ndani amegundisha ubavu mnene wa mti uliokatiza kutoka bega hadi bega, kwa sababu nyuzi sita za unene wa kawaida, zile za seti inayoanzia inchi 0.012, huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na bila kizuizi hicho shingo ingeanza kuzama kuelekea kwenye tundu. Kwa hiyo bega ni mahali palipokazwa tangu mwanzo, na mchango wake katika mtikisiko ni mdogo. Ukilimega, hewa iliyomo ndani ya sanduku inapungua kidogo, na besi ya chini kabisa yaweza kuguswa. Sikatai. Lakini chukua magitaa mawili ya modeli moja, yote ya bega zima, uyapige moja baada ya jingine. Tofauti utakayoisikia kati ya ubao na ubao yaweza kuipita ile inayosingiziwa mkato. Hata nyuzi mpya tu hubadilisha mlio kuliko hapo. Na ukilichomeka gitaa kwenye amplifaya kupitia pikapu, kifaa kinachonasa mtikisiko wake, hoja hiyo inakufa kabisa.

Turudi kwenye mkono, maana humo ndimo mna jambo lenyewe.

Magitaa mengi ya nyuzi za chuma shingo yake hukutana na sanduku kwenye freti ya 14, yaani kile kijiti cha 14 cha chuma kati ya vile vinavyoikatiza shingo. Panda taratibu kwenye uzi wa kwanza ukiangalia kidole gumba. Hadi freti ya 11 au 12 gumba limetulia nyuma ya shingo, na vidole vinne vinabonyeza kwa nguvu zake. Ukifika ya 13, gumba linagusa kisigino, ile sehemu nene inayoiunganisha shingo na sanduku. Ukifika ya 15, kiganja kinagonga bega. Hapo lazima uchague: ukikunje kifundo cha mkono, au uliachie gumba litoke nyuma ya shingo lije kuegemea pembeni, huku vidole vikinyooka kama vya mtu anayeokota kitu kilichoanguka nyuma ya kabati. Noti unaipata, lakini kidole kidogo hakina nguvu tena, na kuuvuta uzi ili noti ipande nusu sauti kunakuwa mateso. Kwenye uzi wa kwanza na wa pili unaweza kujikongoja hadi freti ya 16 au 17. Jaribu kufanya hivyo kwenye uzi wa nne au wa tano, ndipo utajua bega ni ukuta.

Kwa hiyo mpigaji anayeshika kodi, noti kadhaa zinazolia pamoja, huku akiimba, anayecheza na freti tano za kwanza na kupanda mara mojamoja hadi ya 10, hana anachokifuata kule juu. Kwake mkato ni pambo. Nalisema hili bila kumdharau yeyote, kwa sababu kusindikiza uimbaji vizuri ni kazi ngumu na ya heshima, na haihitaji freti ya 18.

Isipokuwa akiwa mtu wa kapo, kile kibanio kinachofungwa shingoni kuzibana nyuzi zote. Hapa ndipo ushauri wa haraka unapoharibu mambo, kwa sababu watu wengi wanaotumia kapo hujiona si wapigaji wa juu, kumbe ndio. Kapo huhamisha mwanzo wa shingo. Bila kapo, okteva ya uzi ulio wazi, yaani noti ileile ikilia juu zaidi, iko freti ya 12, mahali panapofikika bila taabu. Weka kapo freti ya 2, okteva inahamia ya 14, palepale shingo inapokutana na sanduku. Weka freti ya 5, inakwenda ya 17. Weka ya 7, iko ya 19, ndani kabisa ya eneo la bega. Kile kipande cha utangulizi ulichokizoea, chenye kodi mbili ndogo za juu zinazodondoka, mkono ulikuwa unakipiga bila kufikiri, na sasa kimehamia mahali ambapo gumba halina pa kusimama. Mtu wa namna hii, anayepandisha kapo ili kuifuata sauti ya mwimbaji, ningemwambia achukue mkato bila kusita, hata kama hajawahi kupiga solo maishani. Sijui kwa nini hoja hii haitajwi mara kwa mara, maana naiona ndiyo nzito kuliko zote.

Kiu ya kwenda juu si ya leo. Zamani magitaa mengi shingo yake ilikutana na sanduku kwenye freti ya 12. Mwaka 1929 kampuni ya Martin ya Marekani ilitoa modeli ya OM yenye freti 14 nje ya sanduku, baada ya mpiga banjo Perry Bechtel kuomba gitaa lenye shingo ndefu zaidi ya kuchezea. Mwaka 1932 yakaja magitaa ya kampuni ya Selmer nchini Ufaransa, yaliyobuniwa na Mario Maccaferri, yakiwa na mkato. Hayo ndiyo aliyoyapa jina mpiga gitaa Django Reinhardt, ambaye solo zake zilipita shingo nzima kwa vidole viwili vya kushoto, vingine vikiwa vimeharibiwa na moto. Kampuni ya Gibson nayo ikauweka mkato kwenye modeli yake ya L-5 mwaka 1939. Waliouhitaji walikuwa wapigaji wa solo. Kwa upande wa pili, wapigaji wa gitaa la klasiki, lenye nyuzi za nailoni na shingo inayoishia freti ya 12, wamebaki na bega zima hadi leo kwa sehemu kubwa, na bado wanafika freti ya 19. Wamefundishwa kulitoa gumba mapema na kuupandisha mkono wote juu ya bega. Inawezekana, ila ni mbinu ya kufanyiwa mazoezi mahususi.

Jambo jingine ambalo picha za matangazo hazionyeshi: mkato hauondoi kisigino. Unaweza kuwa na mkato mpana na mzuri, ila nyuma kisigino ni kinene na kirefu, na gumba linakwama palepale. Geuza gitaa ulitazame nyuma kabla ya kulipenda mbele. Kisigino chembamba kilicholainishwa vizuri kina faida kuliko mkato wenye ncha kali na kisigino cha kizembe. Hiyo ncha, ile inayoitwa ya Florence, na ule mviringo unaoitwa wa Venice, kwangu ni suala la macho zaidi. Kwa fundi si hivyo. Ubao wa ubavuni una unene wa milimita 2 hivi, hupashwa moto na kupindwa, na kona ya mkato ndiyo kali kuliko zote, kwa hiyo ubao huweza kupasuka hapo, hasa ule wenye mawimbi. Ya Florence humtaka aunge vipande viwili kwenye ncha. Kazi hiyo inalipwa na mnunuzi.

Ndiyo maana nasisitiza hivi: kama bajeti ni moja na lazima uchague kati ya gitaa la mkato lenye uso wa plaiwudi na la bega zima lenye uso wa ubao mmoja usiobandikwa tabaka, nami najua huendi juu ya freti ya 12 na hutumii kapo, chukua la ubao. Uso ndio unaoimba. Utausikia kila unapogusa uzi, wakati mkato ungekuwa umekaa tu.

Kwa wanaotumia mkono wa kushoto kucharaza, kuna la ziada. Wengi hununua gitaa la kawaida na kuligeuzia nyuzi. La bega zima linakubali, mradi fundi abadilishe kijiti cha juu kinachoshika nyuzi na kurekebisha mshazari wa kile cha kwenye daraja. La mkato ukiligeuza, mkato unahamia upande wa nyuzi nene, juu, karibu na kidevu chako, na bega zima linabaki chini, palepale mkono unapotaka kupita. Kama unahitaji mkato, tafuta lililotengenezwa kwa mkono wako tangu mwanzo.