Kizazi Changu Kimelegea

"Siku zako zinakuja kwa mpangilio?" daktari aliniuliza, macho yake kwenye karatasi.

Nina ndevu. Nina miaka 40 na ushei, na siku hiyo nilikuwa nimevaa jezi ya Yanga. Nikadhani anaulizia siku za kazi, nikamwambia Jumatatu mpaka Ijumaa hazina neno, ila Jumamosi huwa zinayumba.

Akaandika.

"Zikiyumba, unasikia maumivu chini ya kitovu?"

Shangazi akanisukuma kwa kiwiko. "Mjibu daktari, baba. Usimfiche kitu."

Tulikuwa kwenye fremu moja Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Bango la nje liliandikwa PIMA MWILI MZIMA 10,000 TU. Tangazo lenyewe shangazi alilipata kwenye kundi la WhatsApp la kikoba chao kule Muheza, akapanda basi la alfajiri na kiroba cha machungwa, akashukia kwangu Tabata. Hakuja kuniuliza kama twende. Alikuja nimpeleke.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi. Lakini kwa kuwa nina bando la mwezi mzima, ukoo umenifanya mganga mkuu. Kila ujumbe wa limao kuua kansa unaletwa kwangu na neno moja: "Kweli?" Nikijibu si kweli, naambiwa nina kiburi cha mjini. Nikijibu ni kweli, hakuna anayeniuliza tena, wanakunywa.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Unapewa fimbo ya chuma, ndefu kiasi cha kalamu nene, yenye waya unaoingia kwenye kisanduku, na kisanduku kinaingia kwenye laptopu. Unaishika kama dakika moja, umetulia, simu umeweka mbali. Hakuna damu, hakuna mkojo. Kabla ya hapo daktari anajaza jina, umri, urefu, uzito na jinsia. Kisha printa inaanza kutapika: moyo, ini, figo, mapafu, mifupa, madini, vitamini, sumu, kurasa zaidi ya 30, kila kitu kina namba yenye nukta na rangi yake. Daktari alivaa koti jeupe na shingoni alining'iniza kile kifaa cha kusikilizia mapigo, ambacho kwa muda wote tuliokaa pale hakikugusa kifua cha mtu.

Shangazi ndiye aliyepima kwanza. Akaambiwa damu nzito, ini lina mafuta, figo limechoka, na mwili umejaa sumu. Akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilisema jambo hilo miaka yote. Sukari anayo, hilo halina ubishi, anahudhuria kliniki na anameza metformin. Mashine haikuiona sukari. Yeye ndiye aliyemwambia daktari, na daktari akasema, "Ehee, hata hapa inaonekana."

Ndipo nikaambiwa na mimi nishike chuma, kwa kuwa wawili mnapunguziwa.

Sasa huyu dada daktari alikuwa amefuta jina la shangazi akaandika langu, akabadili umri, akabadili uzito. Jinsia ikabaki ileile. Mashine nayo, kwa utii wote, ikatoa ripoti kamili ya mwanamke mwenye jina langu. Nilipomnyang'anya karatasi kwa adabu nikakuta mirija ya uzazi imeziba kidogo, ovari zinahitaji uangalizi, na mfuko wa uzazi umelegea. Rangi ya chungwa.

"Daktari," nikamwambia, "huu mfuko wa uzazi ni wa nani?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. Akaiangalia jezi. Akasema, "Leo mtandao unasumbua."

Lililofuata ningependa wasomi wa fizikia walisikie vizuri. Akabofya mahali, akabadili jinsia, akachapa upya. Chuma kilikuwa mezani. Mimi nilikuwa nimekaa mbali nacho, mikono yangu iko kwenye machungwa ya shangazi. Karatasi zikatoka: kizazi hakipo, na mahali pake imeota tezi dume, nayo imeshavimba. Nimebadilishwa jinsia na kupewa ugonjwa mwingine bila kugusa kitu.

Nikadhani mambo yamekwisha, shangazi ameona kwa macho yake. Kwenye ngazi akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ile ya kwanza usiipuuze. Ndiyo maana mmepata mtoto mmoja tu."

Jioni hiyohiyo ripoti ya kwanza ikawa kwenye kundi la ukoo, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Mjomba wa Korogwe akatuma mikono ya kuomba. Binamu mmoja wa Mombasa akaniuliza kama natarajia lini.

Shangazi alikuwa ameondoka na makopo ya vidonge vya mitishamba, sabuni ya "kufungua vinyweleo," na mashine ya kutoa sumu kwa njia ya miguu. Jumla 480,000, pesa ya kikoba. Kilichonitoa usingizi ni sentensi moja aliyoitamka akila wali: daktari amemwambia apumzishe dawa za hospitali, maana ni kemikali.

Usiku nikaingia kazini. Ukitafuta jina la mashine ile ya chuma, kinachokuja kwanza ni wauzaji. Na usitishwe na majina, wauzaji siku hizi wanajiita kituo cha utafiti. Dalili yao unaiona chini kabisa, makala inaanza na "wanasayansi wamegundua" na inaishia na namba ya WhatsApp ya kuagizia. Nikakuta mama mmoja, amevaa kitenge cha bluu, anacheka, amepona kisukari akiwa Mwanza. Kurasa mbili mbele mama yuleyule, kitenge kilekile, amepona uvimbe akiwa Kisumu. Nikaipachika picha kwenye utafutaji wa picha. Mama wa watu ni picha ya kununua, yumo kwenye tangazo la dawa ya meno, la benki, na la shule ya chekechea. Ana afya kuliko sisi wote.

Kwenye kopo la shangazi nako kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa, ya Kiingereza. Nikayasoma kwa tochi ya simu. Yalisema bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maneno hayo Marekani yanalazimishwa na sheria ya mwaka 1994 kwa wenye virutubisho wanaojisifu kwenye lebo. Kwa hiyo mwenye bidhaa mbele ya kopo anatibu magonjwa 38, nyuma anaapa hatibu hata moja, na yote mawili ameyachapisha mwenyewe.

Asubuhi nikamsomea. "Hao wanaogopa kodi," akasema.

Kibali je? Alisema alikiona ukutani, kwenye fremu ya kioo, kina nembo ya serikali. Nilikuwa nimekipiga picha, nikaikuza. Kilikuwa cheti cha TIN, namba ya mlipa kodi. Dawa na vifaa tiba vinasajiliwa na TMDA, na waganga wa asili na dawa zao wana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti cha TIN kinathibitisha kwamba TRA wanakujua, na hilo hata mimi ninalo na simtibu mtu.

"Kwa hiyo anajulikana," shangazi akasema.

Nikajaribu historia. San Francisco, miaka ya 1920 hivi, alikuwapo Dkt. Albert Abrams aliyekuwa na masanduku yake ya umeme. Unatuma tone la damu kwenye karatasi, yeye anakutajia ugonjwa. Daktari mmoja mtukutu akamtumia damu ya jogoo. Majibu yakarudi: mgonjwa ana malaria, kansa, kisukari, na magonjwa mawili ya zinaa. Nikamwangalia shangazi nikisubiri acheke.

Akatafakari sana. "Ndiyo maana kuku wa kizungu siwali."

Msimwone mjinga. Huyu ni mtu aliyekwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011, wakati nusu ya nchi ilipopanga foleni ya magari kwa Babu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa yake. Alilala kwenye lori na anajua alichokifuata. Na hoja yake ni nzito kuliko zangu: "Babu alitaka mia tano, akanywesha waziri na mpiga debe kikombe kilekile. Hakuwa na koti jeupe wala laptopu. Huyu wako wa Kariakoo nina wasiwasi naye kidogo, lakini nimeshalipa." Hapo kwenye "nimeshalipa" ndipo palipofungwa kamba, wala si kwenye sayansi.

Basi nikaacha kumpinga, nikashughulika na metformin peke yake. Nikamwambia historia ya kidonge kile ilianzia kwenye jani. Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, wazee wao waliutumia tangu zamani kwa watu wanaokojoa kupita kiasi, wataalamu wakauchunguza, wakafuata kilichomo ndani yake mpaka wakafika kwenye metformin.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mtishamba?"

"Ulianzia hapo, shangazi."

"Sasa mbona kliniki hawasemi? Miaka yote nakunywa kwa kinyongo." Akafungua mkoba, akameza kimoja palepale, na mpaka leo anaziita dawa zake za majani ya Ulaya. Kwa maarifa yangu yote ya mtandaoni, huo ndio ushindi niliopata.

Ikabaki mashine ya miguu. Unamwaga maji ya vuguvugu kwenye beseni, unatia chumvi, unatumbukiza kidude chenye vyuma viwili, unachomeka kwenye umeme, unaweka miguu. Baada ya nusu saa maji yana rangi ya chai ya rangi, na povu la kahawia linaelea. Shangazi alikuwa akimwita kila mpangaji aje aone sumu yake. Nikasoma kwamba ni vyuma vyenyewe vinavyoliwa na umeme ndani ya maji ya chumvi, kwa hiyo rangi inakuja hata kama hakuna mguu. Hapo nikaona nimempata.

Jumapili, mbele ya mke wangu, mtoto, na mama mwenye nyumba, nikaandaa beseni. Maji, chumvi, kidude. Hakuna mguu. Tukakaa tunaliangalia beseni kama wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Maji yakaanza kupauka, yakawa ya njano, yakawa kahawia, povu likapanda. Nikasimama. Sikusema neno, nikaacha maji yaseme.

Shangazi akainama, akanusa. Akajishika kifua.

"Ya Rabi! Kumbe beseni nalo lina sumu kiasi hiki? Na ndilo mnaloogeshea mtoto!"

Kabla sijafungua mdomo mama mwenye nyumba alishakwenda kuleta lake. Mchana ule yalitolewa sumu mabeseni ya nyumba nzima, ndoo mbili, na sufuria moja ya pilau. Mtoto wangu alikatazwa kuoga mpaka Jumatatu, na alilipokea agizo hilo kwa moyo mkunjufu. Saa kumi na moja umeme ukakatika. Luku ilikuwa imekwisha.

Aliyetuokoa ni fundi wa kuchomelea mageti, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuja kuulizia zamu ya kununua umeme. Akakiokota kile kidude, akakigeuza, akakwangua chuma kwa kucha.

"Bibi, hivi vyuma wamekwambia unabadilisha baada ya muda gani?"

"Kila mwezi. 60,000."

"Hii ni kutu, bibi. Mimi nalipwa kuiondoa. Wewe unalipa kuitengeneza."

Kimya. Shangazi akahesabu kwa vidole: 60,000 mara miezi. Niliona kabisa uso ukibadilika alipofika Desemba. Kesho yake alfajiri alikwenda Kariakoo na fundi, mimi nikaambiwa nibaki kwa kuwa nina maneno mengi. Pesa hawakurudisha. Baada ya fundi kuketi pale mapokezi na nyundo yake, kimya, mpaka wateja wakaanza kusita kuingia, walikubali kuchukua mashine na makopo, wakamlipa shangazi kwa sabuni. Maboksi ya sabuni.

Sasa anaiuza Muheza sokoni. Si mbaya, inatoa povu na inanukia mkaratusi. Anaipanga kwenye turubai na anatangaza kwa sauti: "Sabuni hii haitibu chochote! Ni ya kuogea tu!" Meza ya pili yake kuna kijana ana sabuni inayoondoa presha, nuksi na chunusi, na wateja wamejaa kwake.

Juzi usiku akanipigia.

"Baba, hebu angalia huko kwenye simu yako. Hakuna hata kaugonjwa kamoja kadogo sabuni hii inaweza kutibu? Hata upele?"

Nikamwambia, "Inaondoa uchafu, shangazi."

"Uchafu si ugonjwa," akasema, akakata simu.