Aileen Wuornos na ile 32 yake

Kila mwanamke akiua, mitandaoni watu wanagawana fasta, hawa wanasema huyo shetani, wale wanasema maskini wanaume walimtesa sana. Mi naona kesi ya Aileen Wuornos wa Florida inazigomea kambi zote mbili.

Dada huyu aliua wanaume saba kati ya 1989 na 1990, alikuwa anajiuza barabarani, anawapiga risasi anabeba mali zao, kamera ya Richard Mallory aliyekuwa wa kwanza akaenda kuiweka rehani kabisa. Baadaye wataalamu wakampima kwa PCL-R, kile kipimo cha Robert Hare, mwanasaikolojia wa Kanada, kina vipengele 20 na kila kimoja maksi 0 mpaka 2, kwa hiyo mwisho ni 40, na kule Marekani ukifika 30 we ni saikopathi, yaani mtu asiye na huruma wala majuto. Aileen akapata 32. Watu wakisikia hiyo namba wanafunga faili wanaenda kulala.

Sasa ngoja. Hare alikitengeneza kwa kuangalia wafungwa wanaume, halafu cheki vinavyohesabiwa humo: kulala na watu wengi, utukutu wa utotoni, kuishi kwa kutegemea wengine. Aileen mama yake alimtelekeza hajafika hata miaka 4, mimba kapata ana 14, babu akamtimua nyumbani, akawa analala vichakani na kuuza mwili ili ale. Hapo niambieni ipi ni tabia yake na ipi ni yaliyomkuta? Yaani binti anaongezewa maksi kwa ajili ya njaa!

Na sio kwamba namtetea. Mallory aliwahi kufungwa kwa kumshambulia mwanamke akitaka kumbaka, na jopo la raia mahakamani lililomtia Aileen hatiani halikuambiwa, hilo linaniudhi sana. Ila wale sita wengine je? Mwenyewe mwaka 2001 aliiandikia mahakama kwamba aliwaua kwa kukusudia ili awaibie na angeweza kuua tena. Madaktari watatu wa akili wakasema anaelewa kinachomsubiri, Oktoba 9, 2002 akachomwa sindano ya kifo.

Kwa hiyo vile vipengele vya kukosa huruma na kutojuta mimi navikubali, vibaki. Ningekuwa na uwezo ningefuta vya ngono na utegemezi kwa wanawake waliokulia barabarani, halafu tujumlishe upya tuone anabaki na ngapi.