Usiuvike mbao ukuta wenye maji

Sebule yangu hapa Iringa niliivalisha mbao mwenyewe, nusu ukuta, futi tatu na nusu kutoka sakafuni. Nilichukua paini ya shamba la miti la Sao Hill, inchi moja kwa sita, nikaipeleka mashineni irandwe na kuchongwa ulimi upande mmoja, mfereji upande wa pili. Ukilinganisha na mninga, bei ni ya kucheka. Wageni wakasifu. Nilikula sifa kuanzia Machi mpaka Julai.

Julai mbao zikasinyaa. Kila zilipokutana pakaachia mwanya, na ndani ya mwanya ukachungulia ulimi mweupe ambao haukuwahi kuonja vanishi. Ukuta mzima, punda milia! Kosa langu, wala si la mti. Nilizipigilia zikiwa mbichi. Ubao husinyaa kwa upana, urefu wake haubadiliki sana, kwa hiyo aibu yote hujitokeza kwenye maungio. Ningezilaza chumbani majuma kadhaa, vijiti katikati hewa ipite, na kila ulimi ningeupaka vanishi kabla ya kuuchomeka.

Tangu hapo nabishana na mafundi. Anayetaka kupigilia mbao moja kwa moja kwenye lipu simpi kazi. Funga papi kwanza, yaani vipande vyembamba vya mbao, za kulala, kila baada ya futi mbili hivi, kwa skrubu na plagi, ndipo mbao zisimame juu yake. Chini na juu acha nafasi ya kidole, skatingi, ule ubao mwembamba wa kufunika kingo, itaficha. Msumari upite kwenye ulimi tu, ubao ubaki na pa kutanukia masika yakirudi. Soketi zisogezwe mbele na fundi umeme, si wewe.

Ila kinachonikera hasa ni mbao za kuficha ugonjwa. Lipu inabubujika chumvi, rangi inabanduka, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, na mwenye nyumba anaagiza paneli! Hapo umewajengea mchwa nyumba yenye chakula ndani. Watakula kutoka nyuma hadi ibaki vanishi imesimama peke yake. Kausha ukuta kwanza, kisha dawa ya mchwa kwenye papi na mgongoni mwa kila ubao.

Paneli za plastiki? Jikoni na bafuni sina ubishi nazo. Sebuleni, hapana.

Mistari yangu nyuma ya kochi bado ipo. Ya mbele niliipitia kwa brashi ndogo, mwanya kwa mwanya, Jumamosi mbili nzima.