Mashine za betri saitini: nunua betri kwanza, drili itafuata

Wiki mbili zilizopita, kwenye saiti moja ya Moshono hapa Arusha, kijana anayefunga dari za jipsamu alinivuta pembeni. Amejibana miezi kadhaa na sasa ana hela ya mashine moja ya maana. Anunue drili ya betri, au abaki na ile ya waya na hela hiyo aongezee grenda? Sijajibu bado, mzee wa kupaua aliyekuwa anapima mbao za kenchi akadakia: "Mwanangu, betri ikikata utashika nini? Waya hauchoki." Kijana akajibu kwa adabu, "Kweli mzee wangu, lakini waya nao unataka umeme, na hapa umeme tunaomba kwa jirani."

Swali hilo silijibu kwa mkato, kwa sababu hela ya vifaa inatoka mfukoni mwa fundi mwenyewe. Kampuni kubwa ina stoo, mashine ikigoma inachukuliwa nyingine. Fundi wa mtaani akikosea kununua, amekosea na ada ya mtoto.

Kijana ana hoja nzito. Nyumba nyingi za Moshono, Muriet na Olasiti, na kule Moshi za Kibosho na Uru, zinapandishwa kabla mita ya LUKU haijafungwa. Fundi anakodi jenereta, anaitilia petroli, ananyoosha ekstensheni, halafu jenereta inanguruma kutwa nzima kwa ajili ya drili inayozunguka sekunde tano na kupumzika dakika nzima. Kwa kazi ya namna hiyo betri inashinda, wala sioni pa kubishania. Betri ya volti 18 yenye 4 Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa na betri) imebeba wati-saa 72. Kuichaji usiku nyumbani, hata ukiweka umeme unaopotea kwenye chaja, unakula kama sehemu ya kumi ya uniti moja. Kwa umeme huo mdogo fundi wa dari anafunga skrubu kwa mamia.

Kuna na jambo la usalama, na hili limenikaa moyoni. Mwaka juzi nilikuwa na fundi anafunga skrubu za bati juu ya paa, waya umepandishwa kutoka chini na kupita juu ya ncha ya bati. Kila akisogea, waya unasuguliwa. Tulipoushusha jioni nilikuta umechanika urefu wa kidole, shaba inang'aa. Alikuwa amesimama juu ya bati kutwa nzima, na siku ile kulikuwa na manyunyu. Hakuumia, ila tangu hapo sipandishi waya juu ya bati kwenye saiti ninayoisimamia. Kama fundi bati hana mashine ya betri, naazima kwa ajili yake.

Lakini mzee wa kenchi naye hakusema ovyo. Grenda ndogo ya waya, ile ya inchi nne na nusu, huandikwa wati 700 mpaka 900. Tuchukue 850. Ukiikandamiza hadi itumie nguvu yake yote, zile wati-saa 72 zinakwisha kwa dakika tano. Grenda kubwa ya inchi tisa yenye wati 2,200 ingezimaliza kwa dakika mbili. Kweli hakuna anayekandamiza grenda mfululizo namna hiyo, kwa hiyo kazini betri itadumu zaidi, lakini picha ndiyo hiyo. Fundi umeme anayechana ukuta wa nyumba ya vyumba vinne apitishe mabomba ya waya, au fundi geti anayekata vyuma tangu asubuhi, atahitaji betri nyingi sana. Zipo grenda kubwa za betri, za volti 36 au 60, na zinakata vizuri. Ila betri zake mbili tu ni mzigo mwingine wa hela, na chaja yake bado inadai umeme saitini.

Halafu kuna ukarabati. Drili ya waya ikianza kutoa cheche nyingi, fundi anafungua, anabadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota, anarudi kazini mchana uleule. Hata amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ikiungua, wapo mafundi wa kuisuka upya. Mashine nyingi nzuri za betri siku hizi ni brashilesi, yaani mota yake haina kaboni. Zinatumia chaji kwa uangalifu zaidi na hazina kaboni ya kulika, jambo zuri kwa vumbi letu la kiangazi. Lakini ikifa bodi ya umeme iliyo ndani, mara nyingi hakuna cha kutengeneza: unatafuta bodi nzima ya modeli ileile, au unaiweka mashine kabatini.

Ila waya una udhaifu ambao mafundi wengi hawauhesabu. Ekstensheni ya mita 50 yenye nyaya za milimita 1.5 za mraba, ukiichomekea grenda ya wati 2,200, inapoteza karibu volti 12 njiani. Kama umeme wa jirani umeshashuka kutoka 230, mashine inafanya kazi na njaa, inapata joto, na fundi anailaumu kampuni iliyoitengeneza. Ukiiacha ekstensheni imeviringishwa kwenye gurudumu lake, inachemka zaidi. Waya hauchoki, ni sawa, lakini unaua mota taratibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini. Dukani fundi anashika mashine, anaizungusha, anasikiliza mlio, anauliza bei. Betri anaitazama mwishoni. Ilipaswa kuwa kinyume. Kwa kawaida mashine ya kampuni moja haipokei betri ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja kuna familia zisizoingiliana. Bosch za bluu za mafundi na za kijani za nyumbani zote huandikwa volti 18, lakini betri zake haziingiliani. Makita za volti 18 na zile za 40 ni vivyo hivyo. Ukinunua drili leo umeshachagua grenda, msumeno na taa utakazonunua miaka kumi ijayo. Ndiyo maana umri wa familia ya betri una thamani kwangu: hiyo ya Makita ya volti 18 ilitoka mwaka 2005 na bado inatengenezewa mashine mpya. Sisemi zingine ni mbaya. Ingco na Total zimewapa kazi vijana wengi ambao wasingeweza kuanza na bei za juu, na kwa fundi anayeanza ni njia halali kabisa. Nasema jiulize kama betri ya sura ileile utaipata mjini miaka mitano kuanzia leo.

Na usibabaishwe na namba. Betri iliyoandikwa volti 20 na iliyoandikwa 18 kwa kawaida ni kitu kilekile. Ndani kuna seli tano zilizounganishwa mfululizo, kila moja volti 3.6, jumla 18. Zikitoka kwenye chaja zikiwa zimejaa zinasoma zaidi ya 20 kwa muda mfupi. DeWalt betri zilezile anaziuza Marekani kama 20 na Ulaya kama 18. Namba ya kuifuata ni Ah, na hata hiyo ifuate kwa macho.

Nasema kwa macho kwa sababu nilishalizwa. Nilinunua betri iliyoandikwa 6 Ah, bei nafuu, stika safi. Baada ya wiki tatu ilikuwa haimalizi hata chumba kimoja. Nikaipeleka kwa fundi simu mmoja Ngarenaro, akafungua skrubu nne za kasha. Nilitegemea kuona seli kumi, safu mbili za tano. Zilikuwepo tano tu, na nafasi iliyobaki imezibwa kwa kipande cha plastiki kilichogundishwa na gundi. Seli tano za ukubwa ule haziwezi kubeba kilichoandikwa. Tangu siku hiyo napima betri mkononi kabla ya kulipa: betri kubwa lazima iwe nzito waziwazi kuliko ndogo ya kampuni ileile. Uzito si rahisi kuughushi kama stika.

Matunzo niyapitie haraka. Joto ndilo adui. Usiache betri kwenye dashibodi ya gari juani, hasa Moshi mjini, na iliyotoka kazini ikiwa ya moto iache ipoe kabla ya kuichaji. Baridi ya mjini kwetu haina neno, lakini anayepanda kukarabati vibanda vya mlimani ajue kuwa betri za lithiamu hazichajiwi chini ya nyuzi sifuri, na kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, usiku hufika huko. Na kwa grenda ya betri: chomoa betri kila unapobadilisha jiwe. Ya waya ukichomoa plagi imekufa. Ya betri inakusubiri mkononi, kidole kikiteleza tu inazunguka.

Kijana nilimwambia hivi. Kazi yake ni ya juu ya kichwa kutwa nzima, skrubu ndogo, umeme wa kuomba. Anunue drili ya betri, brashilesi ikiwezekana, na achukue betri mbili za 2 Ah badala ya moja ya 5. Ndogo ina seli tano badala ya kumi, na bega litaihisi tofauti hiyo kuanzia saa nane mchana. Moja ikifanya kazi nyingine iko kwenye chaja kwa jirani. Drili yake ya waya asiiuze, kwa sababu siku ya kutoboa slabu ya zege ataihitaji, mpaka atakapoweza kununua ya SDS, yaani drili ya nyundo, ambayo inagonga kwa nguvu kuliko drili yoyote ya kawaida. Grenda isubiri. Siku akiihitaji, anunue ya waya.

Sharti langu lilikuwa moja. Kabla hajalipa, amwambie muuzaji amtolee betri ya familia ileile inayouzwa peke yake, aishike, aambiwe bei. Jumamosi alizunguka mjini. Maduka mawili yalikuwa na drili nzuri kwenye boksi, lakini betri ya peke yake walimwambia "tutaagiza". La tatu waliitoa chini ya kaunta, na mashine yake alinunua hapo, kwa bei ya juu kidogo kuliko kwingine.